Kibaba Kilichopunjwa

Sikieni, enyi mafundi wenzangu wa bisibisi na pasi ya kulehemu. Sikieni na nyinyi mliokaa kwenye kiyoyozi mkiandika mifumo endeshi ya visanduku ambavyo hamtaviona vikizeeka. Sikuja kuwapongeza. Pongezi mnajipa wenyewe kila kukicha: nimebana, nimesokomeza, imeingia. Nimekuja kuuliza habari ya kibaba.

Zamani mchele ulipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Muuza duka asiyemcha Mungu alikuwa na hila zake: kopo lililobonyezwa kitako kwa ndani, kidole gumba kilichozama koponi wakati wa kuchota. Mteja hakuona kitu. Alirudi nyumbani, akatia mchele sufuriani, na sufuria ikasema kweli mbele ya watoto. Vitabu vyote viwili vinavyosomwa mjini kwetu vinamkemea mtu huyo, wala havimkemei kwa upole. Siku hizi kibaba chetu ni chipu nyeusi ya miguu minane, haifiki ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, na maandishi yake hayasomeki bila tochi. Megabaiti 4. Pishi yake ni megabaiti 16. Na kidole gumba bado kimo koponi.

Kwa ambaye hajawahi kufungua ruta: flashi ninayoisema siyo ile mnayoning'iniza kwenye funguo. Ni chipu iliyolehemewa ubaoni, ndimo mfumo endeshi unamolala umeme ukizimwa. Katika ruta za bei ya chini zilizojaa sokoni miaka na miaka, chipu hiyo ina kilobaiti 4,096 tu. Mwanzoni hukaa kianzishi, kilobaiti 128. Mwishoni kabisa kuna kilobaiti 64 zenye vipimo vya redio, vilivyopimwa kiwandani kwa ajili ya ruta hiyo moja. Zinabaki 3,904. Humo, ndani ya nafasi isiyotosha picha mbili za simu ya leo, mnataka kuingiza mfumo endeshi wa Linux, kurasa za kuiendeshea, ulinzi wa waifai, usimbaji, na mipangilio ya mwenye ruta.

Na inaingia. Hapo ndipo penye mtego, maana isingeingia tungekuwa wakweli.

Nyumba finyu siyo aibu, na wapo walioijenga kwa akili kubwa. Mradi wa OpenWrt, unaotengeneza Linux ya ruta, ulioanza mwaka 2004, umewafundisha wengi wetu kazi hii, mimi nikiwemo. Njia yao ni nzuri. Mfumo wote unagandamizwa kwa namna iitwayo squashfs, unafungwa, hauandikwi tena. Juu yake hutandikwa tabaka jembamba la kuandikika, na kila unachobadilisha wewe, jina la waifai, nywila, programu ya ziada, kinakaa kwenye tabaka hilo. Ukiharibu, unalifuta tabaka, na ruta inarudi kama ilivyozaliwa. Nani asiyeipenda hekima hiyo?

Lakini fundi wangu wa kibandani hasomi mpaka hapo. Anaambiwa nafasi imekwisha, anafanya kile anachofanya kwenye simu: anafuta. Anaondoa programu iliyokuja na mfumo, anatazama nafasi, imepungua! Anaondoa nyingine, imepungua tena. Anaapa kwamba ruta ina jini. Ndugu yangu, hiyo ni kama daftari la mkopo la duka. Jina la mdaiwa liliandikwa kwa wino. Ukimpigia mstari, jina halitoki kwenye karatasi, na mstari wenyewe umekula wino mwingine. Kilichogandamizwa ndani ya squashfs hakiondoki. Unachofanya ni kuandika juu yake, kwenye tabaka la kuandikika, kwamba hakipo. Na yule anayesasisha kila programu moja baada ya nyingine anafanya vibaya zaidi. Nakala ya zamani inabaki chini, mpya inapandishwa juu, na nyumba ya chumba kimoja sasa ina vitanda viwili vya mtu mmoja. Katikati ya kazi nafasi inaisha, sasisho linakatika nusu, ruta inageuka tofali. Kisha tofali hilo mnamrudishia mama wa watu mkimwambia, "Umeme wenu una nguvu sana."

Ole wenu kwa sentensi hiyo moja tu. Umeme wetu una dhambi zake, na zinatosha, msiuongezee zenu.

Msidhani hila hii ilianzia kibandani. Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta iitwayo WRT54G, ya bluu na nyeusi, antena mbili. Watu wakagundua ndani yake mna Linux, na kwa masharti ya GPL, leseni ya Linux, kampuni ikautoa msimbo wake mwaka 2003. Ndiko ilikotoka OpenWrt, hata jina lake limebeba herufi za ruta hiyo. Ilikuwa na flashi ya megabaiti 4 na RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukizimwa, ya megabaiti 16. Halafu mwaka 2005 likaja toleo la 5. Kasha lile lile, rangi zile zile, jina lile lile kwenye sanduku. Ndani flashi imekatwa nusu, megabaiti 2. RAM imekatwa nusu, megabaiti 8. Linux imeondolewa, umewekwa mfumo wa VxWorks unaotosheka na kidogo. Aliyetaka ile ya zamani aliuziwa kwa jina la WRT54GL, kwa bei ya juu zaidi. Mnaelewa kilichotendeka? Kopo lilibonyezwa kitako, likapakwa rangi ile ile, na kibaba kamili kikawekwa rafu ya juu kwa wenye nacho.

Na sisi tulifanya nini? Tulishangilia kubanwa! Mwaka uliofuata ikatengenezwa njia ya kuiingiza Linux tena kwenye megabaiti 2 zile, kwa kukata hiki na kile, hadi SSH, njia salama ya kuiendesha ruta kwa mbali, ikaachwa nje. Ilikuwa kazi ya ustadi, siikatai, nami niliitumia. Ila tazameni mwenendo wake. Kiwanda kinapunguza kibaba, fundi anajikuna kichwa hadi mchele unaenea, anapigiwa makofi, na kiwanda kinajifunza kwamba kinaweza kupunguza tena. Kila mara tulipoonyesha kwamba kidogo kinatosha, tulikuwa tunatia sahihi kwenye hati ya kupunjwa kwetu.

Sasa nijikemee mwenyewe, maana karipio lisilompata anayekaripia ni kelele.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye zahanati moja ndogo nje ya mji. Walikuwa na modemu ya kuchomeka, kompyuta mbili, na muuguzi aliyepaswa kutuma taarifa kila mwisho wa wiki. Walitaka ruta yenye tundu la USB, ichukue intaneti kutoka kwenye modemu na kuigawa. Nilikuwa nayo, nyeupe, mkononi tu, flashi megabaiti 4, RAM megabaiti 32. Nikaijenga upya usiku ule nyumbani. Nikatia viendeshi vya modemu, nikatia ukurasa wa kuingilia wenye jina la zahanati na salamu kwa Kiswahili, kwa sababu nilitaka wanione fundi. Nikatoa usimbaji wa kurasa za usimamizi ili yote yaenee. Ujenzi ulikamilika, faili ikaenea, zikabaki kilobaiti chache tu. Nikalala nikiwa na furaha.

Asubuhi nikaifunga, nikaweka nywila, nikampigia simu mkubwa wao. Kila kitu kilifanya kazi. Nikalipwa, nikanywa soda yao, nikaondoka.

Hiki ndicho ambacho sikukitazama. Lile tabaka la kuandikika linataka nafasi yake, na mfumo wa faili uitwao JFFS2 unaolishikilia haukubali kusimama juu ya vipande visivyofika vitano. Kila kipande ni kilobaiti 64, kwa hiyo angalau 320 ziwe wazi. Kwangu hazikuwa wazi. Salamu zangu nzuri zilikuwa zimezila. Ruta ikikuta hali hiyo haikatai kuwaka. Haipigi kelele. Inaandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu za matukio ambazo hakuna mtu anayezisoma, kwamba imekosa mahali pa kudumu, na inalitandika tabaka lile kwenye RAM. Ukiitazama ina kila kitu. Jina lipo, nywila ipo, modemu inaita. Ni kama mgeni anayekujibu "ndiyo, ndiyo" kwa heshima na hakushika hata neno moja.

Jioni umeme ukakatika. Uliporudi, ruta ilikuwa mtoto mchanga. Haina jina, haina nywila, modemu haijui ni nini. Muuguzi alinipigia. Nikamwelekeza kwa simu, akaandika yote upya, ikafanya kazi. Kesho yake umeme ukakatika. Mnajua nilimwambia nini mara ya tatu? Nilimwambia, "Dada, msiwe mnaizima." Kana kwamba alikuwa anaizima yeye. Mwishowe aliacha kupiga. Nilifurahi kwamba ameacha kupiga, nikadhani tatizo limekwisha. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa akipanda bodaboda kila Ijumaa kwenda kutumia intaneti ya duka la mjini, kwa nauli yake.

Nauli yake! Kilobaiti mia mbili au tatu nilizozipoteza kwa majigambo, mtu mwingine alizilipa kwa nauli, na hakujua anachokilipia.

Hilo ndilo ninalolikemea, na kila mnapobana nitawauliza hilo. Nafasi haiumbwi kwa ujanja. Ukiibana hapa, kuna mtu mahali amelipa, na mara nyingi ni yule wa mwisho kwenye mstari, asiye na habari kwamba kulikuwa na deni. Mnakumbuka mwaka 2024 mita za umeme wa kulipia kabla zilipotaka tuingize namba mara tatu, ishirini ishirini? Tulisimama mbele ya mita, simu mkononi, babu anasoma na mjukuu anabonyeza, wakikosea wanaanza upya. Kisa chake kilikuwa kipimo cha biti 24. Mita zile zilikuwa zinahesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na dakika zinazoenea kwenye biti 24 ni milioni 16 na ushei, zikajaa tarehe 24 Novemba 2024. Aliyechagua biti 24 alibana vizuri sana, na kupunguza tarakimu za kubonyeza hadi ishirini ni jambo jema. Lakini kuanzia Nairobi hadi Mbeya, waliokuja kulisafisha daftari lake walikuwa bibi na babu gizani. Angalau pale kulikuwa na tangazo. Watu waliambiwa tarehe na walipewa namba za kuingiza. Yule muuguzi hakuambiwa na mtu.

Turudi kwenye flashi. Kuna wenye akili wanaosema, "Mzee, mbona dawa ipo? Chomeka flashi diski, hamishia tabaka la kuandikika huko, utapata magigabaiti." Ni kweli, dawa ipo, na nimeifunga mara nyingi. Ila kwanza jueni kwamba ili ruta iijue flashi diski inahitaji viendeshi vya USB na vya mfumo wa faili, navyo vinataka nafasi kwenye ile chipu ya ndani. Kwenye megabaiti 4 unajikuta huna nafasi ya kuwekea kile kitakachokupa nafasi. Kwenye megabaiti 8 inawezekana. Niliifunga hivyo kwenye shule moja, ikakaa vizuri muhula mzima. Juma la mitihani mwalimu mmoja akataka flashi diski ya kwenda kuchapishia. Akatazama huku na huku, akaona moja imechomekwa kwenye kisanduku cha waifai, kiko juu ya kabati, haina kazi kwa macho yake. Akaichomoa. Mtihani ulichapwa. Waifai ya shule ikarudi kwenye mipangilio ya siku niliyoileta. Nilipofika mwalimu alinionyesha flashi diski, ameifuta na kuipa jina la darasa lake, akaniambia kwa unyoofu kabisa, "Ilikuwa na mavitu hata siyafahamu." Mwacheni mwalimu. Kosa lilikuwa la aliyeacha utumbo wa mashine ukining'inia nje na hata karatasi ya onyo hakubandika. Tangu siku hiyo nabandika plasta na kuandika kwa kalamu nene: USICHOMOE. Na bado huchomolewa.

Wapo pia wanaobana muda badala ya nafasi. Flashi hufutwa kwa hesabu; kila kufuta na kuandika upya kunaila kidogo, na siku zake zimeandikwa tangu kiwandani. Ukiijaza nusu kwa mfumo mnene kisha ukaacha kumbukumbu za matukio ziandikwe humo usiku na mchana, unawasha mshumaa ncha zote mbili kwa fedha ya mwenzio. Msiseme hayo ni ya vibandani. Tesla, magari ya watu wenye fedha zao, iliweka chipu ya gigabaiti 8 kwenye kompyuta ya kioo cha kati cha Model S na Model X. Gari likaandika na kuandika. Chipu za aina ile zinahesabiwa kuhimili kufutwa mara 3,000 hivi. Baada ya miaka mitano, sita, vioo vikaanza kufa, na kikifa kioo inakufa kamera ya nyuma, na vitufe vya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikaingilia, na mwanzoni mwa mwaka 2021 kampuni ikakubali kuyarudisha gereji magari kama 135,000. Hata hivyo kampuni ilishikilia kwamba chipu ni kitu cha kuchakaa tu kama vingine. Breki huchakaa, ndiyo. Lakini breki inakulilia kabla haijaisha, na fundi yeyote wa mtaa wa Gerezani anaibadilisha mchana wa leo.

Nilisoma pia kisa cha Spirit, gari dogo la NASA lililotua kwenye sayari ya Mirihi Januari 2004. Kwangu kina uchungu wake na kina sifa yake. Lilikuwa na flashi ya megabaiti 256. Katika miezi saba ya safari na wiki za kwanza ardhini mafaili yalirundikana humo, mengine ya safarini ambayo hayakuwa na kazi tena. Kila faili lilitaka sehemu yake kwenye RAM ili mfumo ujue liko wapi. Siku ya 18 ya Mirihi sehemu hiyo haikutosha. Mfumo wake ukaanguka, gari likajiwasha upya, likaenda kusoma flashi, mfumo ukaanguka tena. Zaidi ya mara 60. Usiku halikulala kama ilivyopangwa, betri ikaanza kuisha, na waliokuwa duniani hawana mkono wa kufika huko.

Hawakulaumu umeme. Walikaa, wakafikiri, wakapata kwamba tatizo huenda ni flashi, wakalipelekea gari amri: amka, usiiguse flashi kabisa, tumia RAM peke yake. Likatii. Wakafuta yasiyo na kazi, wakaisafisha flashi yote, wakalirudisha kazini. Liliendelea kuongea nao hadi Machi 2010. Kisha waliandika kosa lao hadharani, kwa hesabu zake, kila mtu asome. Mfumo wake endeshi, kwa taarifa yenu, ulikuwa VxWorks, ule ule uliowekwa kwenye ruta yenye kibaba kilichokatwa nusu. Programu haina dhambi. Tofauti ilikuwa kwa wale waliokubali kusema nafasi ilikuwa ndogo na sisi hatukuitazama.

Watu wa OpenWrt nao walisema. Kwa miaka walionya, kwa maandishi makubwa, kwamba flashi ya 4 na RAM ya 32 hazitoshi tena. Linux inanenepa kila mwaka, usimbaji nao haukubali kukondeshwa. Mwaka 2022 wakatoa toleo la 19.07.10, la mwisho kwa mashine hizo, wakafunga mlango. Hapo mimi nawavulia kofia. Kumwambia mtu "chombo chako kimefika mwisho" kunauma, hasa kama chombo kinawaka vizuri na mwenyewe hana fedha ya kingine.

Nyinyi mkafanya nini na neno hilo? Mlikusanya ruta zilizokataliwa, kwa kilo, mkazitia mfumo wa zamani uliokondeshwa, mkazifuta vumbi kwa spiriti, mkaandika kwenye kasha "imeapgrediwa". Mlitoa ngao ya kurasa za usimamizi, nywila ikawa inapita mtandaoni wazi. Mlitoa na uwezo wa kusasisha ili nafasi ipatikane, kwa hiyo tundu likijulikana kesho halizibwi milele. Mkamuuzia kijana anayefungua duka la miamala, anayepitisha fedha za watu kwenye waifai hiyo hiyo. Ole wenu! Kidole gumba kile koponi kilimpunja mtu mchele wa siku moja. Chenu kinakaa nyumbani kwake miaka mitano, kikipepesa taa ya kijani.

Na wewe mnunuzi, usijifiche nyuma ya mlango ukichekelea mafundi wakikemewa. Ulisimama dukani, ukahesabu antena. Nne ni nyingi kuliko mbili, ukachukua ya nne. Uliuliza kasi, uliuliza rangi, uliuliza kama wanapunguza. Hukuuliza flashi ni kiasi gani, RAM kiasi gani, na mtengenezaji atatoa masasisho hadi mwaka gani. Muuzaji hakujua, kweli, lakini angeulizwa na watu ishirini angejifunza kufikia Jumatatu. Unaponunua kitenge unakivuta, unakinusa, unakitazama upindo. Haya, na ruta uitendee angalau hilo.

Vijana wangu wa kulehemu mtaniambia: basi tubadilishe chipu, tutoe ya 4 tuweke ya 16, kibaba tukifanye pishi. Fanyeni, nami nawafundisha kila Jumamosi wanaokuja. Lakini hata humo mna papara. Wiki iliyopita kijana mmoja, mikono mizuri kuliko yangu, aliitoa chipu bila kuchubua ubao, miguu minane yote imeng'aa, akaweka mpya, ikawaka mara ya kwanza. Akashangilia. Nikamuuliza, "Zile kilobaiti 64 za mwishoni ulizihifadhi?" Akanyamaza. Alikwisha kuifuta chipu ya zamani ili aitumie kwingine. Ruta iliwaka, taa zote, na waifai yake haikushika hata kutoka mlangoni mwa chumba. Vipimo vya redio vya ruta ile, vilivyopimwa mara moja tu kiwandani, vilikuwa vimekwenda. Nilimpa vya mfano kutoka ruta nyingine ya aina ile, ikashika kidogo, kama miwani ya kuazima. Tangu hapo sheria ya meza yangu ni moja: kabla bisibisi haijagusa kitu, nakala nzima ya chipu isomwe mara mbili, nakala mbili zilinganishwe, ziwekwe mahali pawili. Anayeona uvivu aende meza nyingine.

Zahanati ile nilirudi. Nilichelewa, na sitawaambia nilichelewa kwa muda gani. Nilikwenda na ruta nyingine, flashi megabaiti 16, RAM megabaiti 128, kwa fedha yangu, kwa maana ile ya kwanza nilishalipwa. Nyeupe niliichomoa nikaitia mfukoni. Ukurasa wa salamu sikuuweka. Nilipomaliza, muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, haamini kitu.

"Na umeme ukikatika?" akauliza.

Nikamwambia aende mwenyewe kwenye soketi akazime. Alinitazama, akaenda, akazima. Taa zikafa zote. Nilimwomba ahesabu hadi kumi kabla ya kuwasha, akahesabu kwa sauti, taratibu, kama anayempima mtu mapigo ya moyo. Akawasha. Taa ya kwanza ikaja. Tukasubiri ya pili.